Gopher Prairie kwa macho ya mtu wa zamu ya usiku

Mji wa Gopher Prairie haumo katika ramani yoyote ya Minnesota, lakini mwulize mwenyeji wa upande ule atakuonyesha ulipo bila kusita. Ni Sauk Centre, kilomita 160 hivi kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, kando ya barabara kuu ya I-94. Hapo ndipo mwandishi Sinclair Lewis alipozaliwa mwaka 1885, mtoto wa daktari, na mwaka 1920 akauanika mji wake juani, kwa jina la Gopher Prairie, katika riwaya iitwayo Main Street. Wenyeji walinuna kweli kweli. Leo ukifika utakuta barabara iliyopewa jina la Lewis, vibao vya mtaa vilivyoandikwa "Original Main Street", na timu za shule ya sekondari zinazojiita Mainstreeters. Aliyekusema vibaya akishapata jina kubwa duniani, unampa mtaa.

Mimi nimeishi miaka kadhaa katika mji mwingine mdogo wa Stearns County, wilaya hiyo hiyo, nikiwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wakenya wa Minnesota hawahitaji kuelezwa kazi hii, maana wengi wetu tuliingilia mlango huo: kuogesha, kuvisha, kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kuitikia taa za vyumbani. Usiku, wazee wakishalala, kuna vipande vya mapumziko ambavyo wengine huvipitisha kwenye simu. Mimi nilivipitisha na riwaya za kejeli za Wamarekani wa miaka ya 1910 na 1920 kuhusu miji midogo. Nilianza kwa kuwa kitabu kilikuwa kwenye rafu ya chumba cha mapumziko. Niliendelea kwa kuwa watu wa kitabuni walikuwa wananipita kwenye korido.

Shuleni kwetu tashtiti, yaani kejeli ya kifasihi, ilikuwa kitu cha kupigia mstari kwa penseli na kuandika pembeni, ili mtihani ukija uitaje pamoja na tashbihi na istiara. Hakuna aliyetuambia kwamba inaweza kumuuma mtu. Kule Minnesota niliona inavyouma, tena miaka mingi baada ya mwandishi kufa.

Kisa chenyewe, kwa ufupi. Carol Milford amesoma chuo, amefanya kazi ya maktaba St. Paul, ana ndoto za kuujenga upya mji wowote utakaomwangukia mikononi. Anaolewa na daktari Will Kennicott, mtu mwema asiye na mambo mengi, anayempeleka Gopher Prairie na kumwambia kwamba huko kazi ipo. Siku ya kwanza Carol anatoka kuutembelea mji. Baada ya dakika 32 ameumaliza wote, mashariki hadi magharibi, kaskazini hadi kusini. Lewis anatupitisha mtaa mkuu duka kwa duka: vioo vyenye madoa ya nzi, ndizi zilizoiva hadi zikawa nyeusi, na letasi dirishani ambazo paka amezilalia. Carol anarudi nyumbani akiwa na hofu.

Kisha Lewis anafanya jambo ambalo kwangu ndilo ufundi mkubwa kuliko wote katika kitabu kile. Treni iliyomleta Carol imemleta pia Bea Sorenson, msichana wa Kiswidi aliyechoka na kazi za shamba, ambaye hajawahi kuona mji mkubwa kuliko Scandia Crossing, wenye watu 67. Bea naye anatembea mtaa ule ule kwa wakati ule ule. Anaona hoteli ya ghorofa tatu, ghorofa moja juu ya nyingine, mpaka lazima uinue shingo. Anaona duka la dawa lenye kaunta ndefu ya marumaru ya kuuzia soda. Anaona watu wengi mahali pamoja. Anaamua kubaki, hata kama ujira utakuwa mdogo. Na kazi anayoipata, baada ya kurasa chache, ni ya mtumishi jikoni kwa Carol.

Wachambuzi wengi hupita hapo haraka, kana kwamba Bea amewekwa ili tucheke ushamba wake. Mimi sikuweza kupita. Nilikulia Voi, mji wa reli, mahali ambapo kwa mtu wa Nairobi ni pa kununua maji ya chupa kabla ya kuendelea na safari ya Mombasa, lakini kwa binamu zangu waliotoka milimani kuja kutafuta kazi palikuwa na taa usiku kucha, na hilo pekee lilitosha. Kwa hiyo nilipomfikia Bea nilikuwa nimeshajua yuko sahihi. Carol naye yuko sahihi, paka kweli amelala kwenye letasi. Lewis hakuchagua kati yao. Alizipanga zile dakika 32 mbili ubavu kwa ubavu na kwenda zake.

Huko kazini tuliwahi kubishana juu ya hili, mimi na mwenzangu wa zamu, mwenyeji wa huko huko, ambaye alilazimishwa kukisoma kitabu hicho shuleni na kukichukia. Yeye alisema Lewis alikuwa mtu mwenye kinyongo: kijana mrembamba mwenye nywele nyekundu na uso wa chunusi, asiyejua michezo, aliyechekwa na wenzake, akangoja apate nafasi ya kulipiza. Kuna ukweli hapo. Lewis alianza kukifikiria kitabu hicho mwaka 1905, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yale aliyerudi nyumbani likizo, na miaka 15 ni muda mrefu wa kubeba kinyongo. Lakini mtu mwenye kinyongo tupu hamwandiki Bea. Wala hamwandiki Will Kennicott usiku wa Morgenroth.

Huo usiku wa Morgenroth ndio uliowafanya hata wasaidizi wenzangu wasiosoma riwaya wasikilize nilipowasimulia. Mkulima wa Kijerumani amepondwa mkono shambani. Will anaitwa, na baadaye Carol anafika. Mkono unakatwa juu ya meza ya jikoni, Carol ndiye anayempa mgonjwa dawa ya usingizi, etha, na mwanga ni wa taa ya moto. Sisi tunaofanya kazi mahali ambapo kuwasha kiberiti karibu na mtungi wa oksijeni ni kosa la kufukuzwa, tunajua etha na moto vikikutana inakuwaje. Carol anakuja kugundua baadaye, njiani, kwamba nyumba nzima ingeweza kulipuka, na kwamba mume wake alijua hivyo wakati wote mikono yake ikifanya kazi bila kutetemeka. Yule mtu anayemchosha mezani kwa habari za magari na bei za viwanja ni shujaa, na yeye mwenyewe hana habari. Kurasa chache mbele anarudi kuwa yule yule wa kuchosha. Baadaye tena Lewis anatuonyesha akimsaliti mke wake na Maud Dyer, mke wa mwenye duka la dawa, bila kelele, kama mtu anayechelewa kurudi nyumbani tu.

Nilijifunza hapo kwamba kejeli nzuri haimpi msomaji mtu wa kumchukia kwa raha. Kila ukitaka kumweka Will kwenye fungu la wajinga, anakutoka.

Carol mwenyewe alinichosha sana mwanzoni. Anataka nyumba zijengwe upya kwa mtindo mmoja mzuri, anataka mashairi, anafanya karamu ya kuvaa mavazi ya Kichina ambayo mji mzima unaisema wiki nzima. Kilichonifanya nimpe heshima ni ugomvi mmoja mdogo kwenye kikundi cha karata cha wake wa matajiri wa mji, kinachoitwa Jolly Seventeen. Wanawake wamekaa wakilalamikia watumishi wao wa Kiswidi: hawana shukrani, wanaiba, wanataka mshahara mkubwa. Carol anasema yeye anamlipa Bea dola 6 kwa wiki. Wanashtuka, maana anawaharibia soko. Naye anawajibu kwamba kazi ya mtumishi wa nyumbani ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote duniani: saa 10 hadi 18 kwa siku, vyombo vichafu, nguo chafu, watoto, na kukimbilia mlangoni na mikono iliyolowa na kuchanika.

Nilisoma maneno hayo saa nane za usiku, mikono yangu mwenyewe ikinuka dawa ya kuua vijidudu. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kwa baridi na kunawa. Tangu hapo Carol aliruhusiwa kusema lolote alilotaka kuhusu usanifu wa majengo.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa Kenya hawatalipenda. Gopher Prairie niliikuta zaidi kwetu kuliko kwa Wazungu. Kulikuwa na kikundi cha kina mama tuliokutana Jumamosi, kila mara kwa mtu mwingine, upande wa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis ambako Wakenya ni wengi. Nilikuwa naendesha gari zaidi ya saa moja na nusu kwenda. Kulikuwa na chapati, pilau, mchango wa msiba, na mzunguko wa pesa ambao kwa kweli umewasomeshea watu watoto. Sitaki kuudharau. Mwenzetu alipofiwa na mama yake huko Kisii, tiketi ilipatikana kabla jua halijazama. Lakini pia hapo ndipo ilipojulikana nani amenunua gari kwa mkopo, nani mume wake halali nyumbani, mtoto wa nani ameacha chuo, na binti gani ameonekana na nani kwenye maegesho ya duka gani. Nani aliona? Hilo haliulizwi.

Lewis ana mjane mmoja, Bi Bogart, jirani wa Carol, Mbaptisti mwenye maneno laini na macho ya kipanga. Mwanawe Cy ni mhuni. Siku moja mwalimu mgeni, Fern Mullins, binti mchangamfu tu, anakwenda na Cy kwenye ngoma ya shambani, Cy analewa, na kesho yake Bi Bogart anazunguka mji mzima akisema mwalimu ndiye aliyemharibu kijana wake asiye na hatia. Hakuna anayeamini kabisa, na wote wanaendelea kana kwamba wameamini. Halmashauri ya shule inampokonya Fern kazi. Carol anahangaika nyumba hadi nyumba kumtetea, watu wanamwambia kwa upole kwamba wao binafsi hawana neno, lakini mji utasemaje.

Hicho kifungu nilikisoma sebuleni kwa kikundi chetu, nikitafsiri papo hapo kwa Kiswahili, nikiwa nimewaambia ni hadithi ya zamani ya Wazungu. Walicheka mpaka machozi. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, hakucheka sana. Alisema, "Dada, huyo Bogart anakaa jengo gani?" Kicheko kikazidi, kisha kikakatika ghafla, kila mtu akaanza kutafuta viatu vya watoto. Miezi iliyofuata umbea haukupungua hata chembe. Tofauti pekee ni kwamba mtu akianza, mwingine husema "Bogart!" na wote hucheka, kisha aliyeanza anaendelea. Wanaodai kwamba fasihi hurekebisha jamii waje wakae na sisi Jumamosi moja.

Kuna kikundi kingine katika riwaya, Thanatopsis, cha wanawake wanaojielimisha. Kwa alasiri moja wanawamaliza washairi wote wa Uingereza, kila mmoja akisoma kipande cha maisha ya mshairi mmoja, halafu wanapanga mkutano ujao wawamalize watunzi wa riwaya na insha. Hapo nilicheka peke yangu hadi muuguzi mkuu wa zamu akaja kuangalia kuna nini.

Kifo cha Bea sikucheka. Bea ameolewa na Miles Bjornstam, fundi wa kazi za mkono anayeitwa Mswidi Mwekundu kwa siasa zake, mtu asiyewavulia kofia matajiri wa mji. Wanajenga kibanda chao, wanapata mtoto, Olaf. Kwa kuwa Bea alikuwa mtumishi na Miles ni mkaidi, wake wa mji hawaendi kumtembelea. Carol tu ndiye anayekwenda. Kisha homa ya matumbo inaingia, kutokana na maji ya kisima. Mama na mtoto wanaugua pamoja, Carol anawauguza, Will anawatibu. Bea akiwa katika saa zake za mwisho, wanabisha wanawake watatu wa heshima, wamebeba zabibu na magazeti ya kina mama yenye picha za rangi. Miles anawaambia wamechelewa. Anawaambia Bea alikuwa akitumaini siku zote kwamba watakuja, kwamba alikuwa akikaa pale akingoja mtu abishe mlango. Kisha anawatupia neno zito na kufunga. Mtoto anakufa, mama anakufa. Mji unaanza kumsema Miles kwamba ndiye aliyesababisha kwa ukali wake, naye anauza vitu na kuhamia Alberta, Kanada.

Katika nyumba ya wazee zabibu hizo huja sana. Jamaa wasioonekana mwaka mzima hufika siku mzee anapoacha kula, na maua, na sanduku la chokoleti ambalo mgonjwa hawezi kumeza. Sisi wasaidizi tunaanza kunung'unika jikoni. Nilivyosoma Lewis nilianza kuwatazama vizuri zaidi wale wanaokuja na zabibu. Mmoja wa wale watatu mlangoni kwa Miles ni Vida Sherwin, mwalimu, mtu mwenye bidii kuliko wote mjini, aliyepigania jengo jipya la shule kwa miaka. Si mtu mbaya. Hakwenda kubisha kwa Bea kwa sababu ile ile inayowafanya watu wema wengi wasibishe: hakuna aliyekuwa anakwenda. Sijaacha kunung'unika, lakini siku hizi huwatafutia wageni hao kiti na kuwaonyesha namna ya kumlowesha mgonjwa midomo kwa kijiti chenye sifongo, ili mikono yao iwe na la kufanya.

Mzee mmoja tuliyekuwa tukimtunza, bibi wa zaidi ya miaka 90, wa ukoo wa Wajerumani Wakatoliki ambao ndio wengi katika wilaya ile, aliniona na kitabu akanitazama kwa muda. Mama yake, alisema, alitoka shamba akiwa msichana akafanya kazi jikoni kwa watu wa mjini. "Wote wanamzungumza yule mke wa daktari," akaniambia. "Nani aliyekuwa anapika?" Halafu akataka nimshushe kitanda. Nimesoma maandishi kadhaa ya wasomi kuhusu riwaya hiyo tangu siku ile, na sijaona swali linalolizidi hilo.

Lakini Lewis mwenyewe alilisikia. Gopher Prairie yake ina tabaka: juu wako wafanyabiashara wenye majina ya Kiingereza, chini Waswidi, Wanorwe na Wajerumani wa mashambani, ambao ndio wanaoununulia mji mkate kwa ngano yao na bado wanachekwa lafudhi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakulima wa eneo zima walijiunga na Nonpartisan League, chama kilichotaka serikali ya jimbo imiliki maghala ya nafaka na vinu vya unga ili wasinyonywe. Katika riwaya, mwandalizi wa chama hicho anafukuzwa wilayani na kundi la watu wa biashara, sherifu akiwa mbele, na watu waungwana wa mji wanaona sawa tu. Wajukuu wa Waswidi na Wajerumani wale sasa ndio wenye miji. Wasomali waliojaa St. Cloud, mji mkuu wa wilaya ile, ambao baadhi yao niliongea nao Kiswahili safi walichojifunza Kenya, wanasemwa kwa maneno ambayo Jolly Seventeen wangeyatambua mara moja.

Lewis hakuwa peke yake. Mwaka 1915 Edgar Lee Masters alitoa Spoon River Anthology, mashairi ambayo wafu wa makaburi ya mji mdogo wa Illinois wanasema wenyewe yale ambayo mawe yao ya kaburi yameficha. Mwaka 1919 Sherwood Anderson akatoa Winesburg, Ohio, hadithi za watu wapweke waliozungukwa na majirani. Hicho ni kitabu kizuri lakini hakina kejeli, kina huzuni tu, na usiku wa zamu sikukiweza. Mwaka 1921 mhakiki Carl Van Doren aliwakusanya wote chini ya jina la uasi dhidi ya kijiji, na walimu wameling'ang'ania jina hilo hadi leo. Linaficha mengi. Anderson hakuasi chochote, na Lewis, kama alivyokiri mara nyingi, aliupenda mji alioutukana. Majivu yake yalirudishwa kutoka Roma, alikofia 1951, yakazikwa Sauk Centre.

Anayestahili maneno zaidi ni Zona Gale, kutoka Portage, Wisconsin, ambaye hatajwi sana. Kitabu chake Miss Lulu Bett kilitoka 1920, mwaka mmoja na Main Street, na ni kifupi mno, hakina hotuba hata moja. Lulu ni mwanamke ambaye hajaolewa, anaishi kwa dada yake Ina na shemeji yake Dwight Deacon, daktari wa meno na hakimu mdogo wa mji. Analipia malazi yake kwa kupika na kufanya kila kazi. Ananunua ua moja dogo la tulipu na inabidi ajieleze. Dwight ni mtu wa mizaha, na mizaha yake yote ina mwiba. Anayejua maana ya kulelewa kwa ndugu, kuitwa "mmoja wetu" wakati wa kuosha masufuria na kusahauliwa wakati wa kupanga safari, hahitaji maelezo ya mwalimu.

Kisha inatokea kioja. Ndugu yake Dwight, Ninian, yuko mgeni, na jioni moja wakitaniana yeye na Lulu wanatamka maneno ya ndoa kwa mchezo. Dwight anakumbuka kwamba yeye ni hakimu, na maneno yametamkwa mbele yake: ndoa ni halali. Lulu, ambaye hajawahi kuulizwa anataka nini, anasema haya, twende. Baadaye Ninian anamwambia kwamba aliwahi kuoa na hana hakika kama yule mke wa kwanza alikufa. Lulu anarudi. Na shemeji yake anachotaka kutoka kwake ni kimoja tu: asimwambie mtu ukweli, aache watu wadhani ameachwa, maana aibu ya ndugu mwenye wake wawili ingeigusa familia, ilhali aibu ya kuachwa ataibeba Lulu peke yake. Katika mikutano yote ya ukoo niliyowahi kukaa, sijaona hesabu ya heshima ikipigwa wazi namna hiyo.

Gale aliigeuza kuwa tamthilia, ikaonyeshwa New York mwishoni mwa Desemba 1920. Mwanzoni iliishia Lulu akiondoka peke yake kwenda kujitafutia kazi. Watazamaji hawakuridhika, na baada ya muda mfupi mwisho ukabadilishwa: mke wa kwanza ikathibitika kuwa amekufa, ndoa ikasimama. Tamthilia hiyo ilimpa Pulitzer ya 1921, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, mwanamke wa kwanza kuipata kwa tamthilia. Mji ulikuwa umekaa ukumbini, umelipa kiingilio, na ukaandikiwa mwisho wake.

Mwaka huo huo waamuzi wa riwaya walipendekeza tuzo ya Pulitzer iende kwa Main Street. Wakubwa wa Chuo Kikuu cha Columbia, kinachotoa tuzo hiyo, wakakataa, wakaipa The Age of Innocence ya Edith Wharton, maana masharti ya tuzo yalitaka kitabu chenye kuonyesha hali njema ya maisha ya Kimarekani. Wharton, ambaye kitabu chake nacho ni kejeli, ya matajiri wa New York, alishangaa. Lewis alimtumia pongezi, na riwaya iliyofuata, Babbitt ya 1922, akaiandika kwa heshima yake. Walipompa yeye Pulitzer mwaka 1926 kwa Arrowsmith aliikataa. Nobel ya 1930 hakuikataa, akawa Mmarekani wa kwanza kupata ile ya fasihi. Mwenzangu wa zamu huniambia hiyo ndiyo dalili ya mtu wa Sauk Centre: anakataa zawadi ndogo kwa kelele.

Ndani ya Main Street, Carol naye anajaribu kuondoka. Anamchukua mtoto, anakwenda Washington kufanya kazi ya ofisi ya serikali, anakaa karibu miaka miwili. Anakuta kwamba ofisi nazo zina Bi Bogart wao. Anarudi kwa hiari yake, hajashindwa na hajashinda, na riwaya inaishia Will akiwazia bisibisi na madirisha ya kuzuia baridi. Wasomaji wengi hukasirika hapo. Mimi nimewahi kufunga madirisha hayo Oktoba huko Minnesota, na nakuhakikishia kwamba mtu asiyeyawaza hafiki Machi.

Vitabu vyote nilivyovitaja, hakimiliki yake Marekani imekwisha na vinapatikana bure kwenye intaneti. Kiingereza cha Lewis kina misimu mingi ya mwaka 1920 ambayo hata Wamarekani wa leo inawapiga chenga, kwa hiyo usisimame kila neno. Wafanyabiashara wake wanabwabwaja kwa makusudi, na ukipata sauti yao umepata karibu kila kitu. Anza na Lulu Bett, utaimaliza katika siku mbili za mapumziko. Kikundi chetu cha Jumamosi kimeniomba niwasimulie hiyo mwezi ujao. Mama yule wa dirishani ameshaulizia kama kuna shemeji ndani.